Minyoo ya Udongoni: Namna ya Kuitoa Tumboni na Kuifukuza Uani

Nyuma ya nyumba ya jirani yangu kuna migomba. Udongo wa pale haukauki mwaka mzima, maana maji ya kuoshea vyombo humwagwa hapo asubuhi na jioni. Pana kivuli, pana ubaridi, na ndipo watoto wadogo wanapokwenda kujisaidia, kwa sababu choo cha shimo kina giza na tundu lake linawatisha. Mjukuu wa nyumba ile, mvulana wa miaka mitano, alikuwa amepewa dawa ya minyoo mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila akipewa anachangamka, anakula, anakimbia na wenzake. Ukifika mwezi wa nne tangu ameze dawa, tumbo limejaa tena kama ngoma na mtoto anasinzia mchana. Bibi yake akaniambia, "Mwanangu, hivi vidonge vyenu siku hizi havina nguvu."

Vidonge havikuwa na kosa. Kila alipopona alirudi kuchuchumaa palepale kwenye migomba, miguu mitupu, juu ya udongo uliokuwa umehifadhi mayai ya minyoo yake mwenyewe na ya wenzake. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku pwani ya Tanga, na jambo hili nimelikuta nyumba baada ya nyumba: tunatibu tumbo, uwanja tunausahau. Mwongozo huu unatibu vyote viwili.

Kwanza, ijue minyoo yenyewe

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo inayoenezwa kwa udongo. Iliyo mikubwa kwa madhara huku kwetu ni ya aina tatu, na usipoitofautisha utakuwa unapigana gizani.

Ya kwanza ni minyoo mviringo, ambayo watabibu huiita askarisi na wazee wengi wa pwani huiita mchango. Ndiyo ile mirefu ya rangi ya maziwa, sentimita 20 hadi 35, inayomtia mama hofu anapoiona kwenye poti. Jike mmoja hutaga mayai hadi 200,000 kwa siku. Ya pili ni minyoo mjeledi, yenye urefu wa sentimita 4 hivi, nyembamba kama uzi upande mmoja na nene upande wa pili. Hii hujichomeka kwenye ukuta wa utumbo mpana, na ikiwa mingi huleta kuhara damu, hata kinyeo cha mtoto kutoka nje. Ya tatu ni safura. Ina urefu wa sentimita 1 tu, karibu huwezi kuiona, lakini mimi ndiyo ninayoiogopa kuliko zote kwa sababu inang'ata utumbo na kunyonya damu kimya kimya.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa. Mayai ya askarisi na ya mjeledi yakitoka leo hayaambukizi leo. Yanahitaji kukaa kwenye udongo wenye joto na unyevu kwa wiki mbili, tatu au zaidi ndipo yaive. Ya safura huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na vijinyoo vichanga huchukua kama siku 5 hadi 10 kuwa tayari kumwingia mtu. Kwa hiyo udongo ndio jiko. Kinyesi kikiingia shimoni kabla hakijagusa jiko hilo, mnyororo umekatika.

Njia za kuingia nazo zinatofautiana. Mayai ya askarisi na mjeledi huingia kwa mdomo, kupitia vidole, mboga mbichi, embe lililookotwa chini likafutwa kwenye kaptula. Safura haingoji mdomo. Hupenya ngozi, mara nyingi katikati ya vidole vya miguu, na mtu huhisi mwasho tu. Aliyeligundua hilo ni Mjerumani Arthur Looss, aliyekuwa akifanya utafiti Cairo, Misri, miaka ya 1890. Maji yenye vijinyoo yalimdondokea mkononi, ngozi ikamwasha na kuwa nyekundu, na baada ya muda akakuta mayai ya safura kwenye choo chake mwenyewe. Ukimwona mtoto wako anajikuna unyayo kila akitoka shambani, mkumbuke mtu huyo.

Safura na askarisi, zikishaingia mwilini, hupita kwenye mapafu, hupanda kooni, humezwa na kushuka tumboni. Ndiyo maana mtoto huweza kukohoa kikohozi kikavu wiki moja au mbili baada ya kuambukizwa.

Hatua ya 1: Chunguza, kisha pima

Watoto wengi wenye minyoo michache hawaonyeshi dalili yoyote, kwa hiyo usingoje tumbo livimbe. Kinachotakiwa kukushtua ni mtoto anayechoka upesi, anayebaki nyuma ya wenzake kwa kimo, anayelalamika tumbo mara kwa mara, au anayekula udongo. Hilo la mwisho lisichekwe. Mtu aliyepungukiwa damu huweza kutamani udongo, na udongo ule ukamwongezea minyoo.

Kuna uchunguzi mmoja ambao kila mzazi anaweza kuufanya bila gharama. Msimamishe mtoto dirishani, kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Nawa mikono. Kwa kidole gumba vuta taratibu kope la chini hadi uone utando wa ndani. Unatakiwa uwe mwekundu, wenye vimishipa. Ukiwa wa waridi hafifu, au mweupe kama karatasi, tazama na viganja na ulimi. Vikifanana, usikae nyumbani kubahatisha. Mpeleke zahanati apimwe wingi wa damu. Malaria nayo humaliza damu, na selimundu pia, kwa hiyo usiseme moja kwa moja kuwa ni safura.

Kuhusu kipimo cha choo: chukua kiasi cha ncha ya kijiko kwenye kikopo safi chenye mfuniko, bila kuchanganya na mkojo au mchanga, ukifikishe maabara asubuhi ileile. Kuwahi kuna sababu yake. Kwa njia inayotumika sana, ya Kato-Katz, mtaalamu huchukua kipande cha miligramu 41.7 tu, na mayai ya safura hupotea machoni ndani ya saa moja hivi tangu kioo kitayarishwe. Choo kilicholala kinadanganya. Na kwa kuwa kipande ni kidogo kiasi hicho, jibu la "hakuna minyoo" kwa kipimo kimoja halimaanishi kuwa hakuna kabisa.

Hatua ya 2: Toa dawa kwa kipimo sahihi

Dawa ni mbili, albendazole na mebendazole, na zote zinapatikana zahanati na kwenye maduka ya dawa muhimu. Albendazole ni miligramu 400 kwa mara moja kwa mtu mzima na mtoto wa kuanzia miaka 2. Mtoto wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza miaka 2 hupewa nusu, yaani miligramu 200. Mebendazole ya kumeza mara moja ni miligramu 500. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi isipokuwa daktari amesema. Mama mjamzito hapewi katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo ataipata kliniki kwa maelekezo ya muuguzi.

Nikisema "mpe mtoto kidonge", simaanishi umshike pua na kumsukumia kooni. Nimeona mtoto wa miaka miwili akipaliwa hivyo hadi midomo ikabadilika rangi, mama yake akipiga kelele barabarani. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kidonge kisagwe. Weka kati ya vijiko viwili, ponda hadi kiwe unga, ongeza maji safi kidogo, mnyweshe akiwa ameketi wima na ametulia. Akilia, ngoja. Mkubwa atafune.

Kuna mambo matatu ambayo muuza dawa mwenye haraka hakwambii. La kwanza, kwa safura albendazole ya mara moja inafanya kazi vizuri kuliko mebendazole ya mara moja. La pili, minyoo mjeledi ni misugu. Kidonge kimoja mara nyingi huipunguza tu bila kuimaliza. Kipimo kikionyesha mjeledi kwa wingi, mwombe daktari dawa ya siku tatu. La tatu, dawa hizi si za kichocho. Kichocho kina dawa yake, prazikwanteli, na kwenye shule nyingi za Tanzania watoto hupewa zote mbili siku moja, ndiyo maana wazazi wanazichanganya. Mtoto anayekojoa damu hatapona kwa albendazole.

Baada ya kumeza, tumbo linaweza kusokota, kichwa kuuma kidogo au kichefuchefu kuja, kisha vikapita. Mnyoo ukionekana kwenye choo, au mara chache ukatoka mdomoni, inatisha lakini ni dawa inafanya kazi.

Lakini hapa simama. Mtoto mwenye tumbo lililovimba na kukaza, anatapika, hapati choo wala hatoi upepo, huyo usimpe dawa ya minyoo. Askarisi zikiwa nyingi hujifunga fundo na kuziba utumbo, na hiyo ni kazi ya hospitali, usiku huohuo. Na mtu mwenye kifafa, hasa sehemu wanakofuga nguruwe, aonane na daktari kabla ya kumeza, kwa sababu tegu la nguruwe huweza kuwa limejificha kwenye ubongo na dawa ikaamsha degedege.

Kuhusu mbegu za papai na majani ya mwarobaini: siwakatazi wazee wangu vitu vyao, ila mtoto asiachwe bila kidonge kwa sababu amekunywa majani.

Hatua ya 3: Nyumba nzima, si mtoto peke yake

Watoto wa shule hupata dawa shuleni, na wadogo wa chini ya miaka mitano hupewa wakati wa matone ya vitamini A. Hilo ni jema sana. Lakini safura haichagui rika, tofauti na askarisi inayowapata zaidi watoto. Baba anayelima na mama anayechota maji huwa nayo kwa wingi kuliko watoto wao. Kwale, Kenya, ng'ambo ya mpaka tu kutoka kwetu, utafiti wa TUMIKIA ulioanza 2015 ulilinganisha kuwapa dawa wanafunzi pekee na kuwapa watu wa rika zote kijijini. Safura ilipungua zaidi pale walipopewa wote. Kwa hiyo dawa ikinunuliwa, imezwe na kila anayelala nyumba ile, siku moja, akiwemo babu anayesema yeye hajawahi kuumwa tumbo.

Mara ngapi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mara moja kwa mwaka pale minyoo inapowapata asilimia 20 ya watoto au zaidi, na mara mbili ikifikia asilimia 50. Muulize mhudumu wa eneo lako mko kundi lipi.

Hatua ya 4: Kinyesi cha mtoto, kabla hujafikiria choo kipya

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoanguka, nami nataka nikae hapa. Tunaamini kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Kinachotwa kwa jembe na kutupwa kwenye migomba au nyuma ya uzio, maji ya kuoshea nepi yanamwagwa uwanjani. Kumbe mara nyingi mtoto ndiye mwenye mayai mengi ya askarisi na mjeledi kuliko watu wazima wa nyumba hiyo.

Tafuta poti. Si lazima iwe ya dukani. Kopo la rangi la lita 4 lililokatwa na kingo zake kukunjwa zisimkate linatosha. Weka jivu kidogo chini ili kinyesi kisigande. Mtoto akimaliza, mimina chooni. Maji ya kusuuzia poti nayo yaende chooni, na hili narudia kwa sababu mama makini kabisa humwaga kinyesi chooni kisha akasuuza poti chini ya mpapai. Nepi za kitambaa zifanywe vivyo hivyo.

Choo chenyewe kikiwa na sakafu ya udongo, kinaweza kuwa mahali pa kuambukizwa safura badala ya kukuzuia nayo. Udongo uliolowana, giza, miguu mitupu: safura haitaki zaidi ya hapo. Mfuko mmoja wa saruji, mchanga na kokoto vinatosha kufinyanga bamba la choo, likasuguliwa laini ili lioshwe kwa maji na ufagio. Tundu liwe dogo kiasi cha mtoto kutotumbukia, na liwe na mfuniko wenye mpini. Mtoto akiogopa giza, acha tundu la mwanga juu ya ukuta. Kwa yule mvulana wa migomba tulitoboa matundu mawili ya ukubwa wa tofali, na wiki ileile akaanza kwenda mwenyewe.

Shimo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Likijaa, lifunike kwa udongo na uliache angalau miaka miwili kabla ya kufikiria kutumia mboji yake, kwa sababu yai la askarisi huweza kuishi udongoni kwa miaka.

Hatua ya 5: Kausha uwanja, vaa viatu

Vijinyoo vya safura huishi wiki tatu au nne kwenye udongo mzuri kwao, wenye kivuli na unyevu. Jua kali na ukavu huviua. Hiyo ni habari njema, kwa sababu jua tunalo. Hamisha maji ya vyombo yaende kwenye shimo la mawe, au badilisha sehemu ya kumwagia. Punguza majani makavu ya migomba, mwanga upenye. Sehemu iliyokuwa choo cha watoto, izungushie miiba kwa miezi miwili, watu wasikanyage. Safura zitakuwa zimekwisha. Mayai ya askarisi hayatakuwa yamekwisha, kwa hiyo bustani ya mchicha usiilimie hapo.

Viatu: ndala au yeboyebo zinasaidia kuendea chooni na bombani, lakini shambani kwenye udongo wa kifundoni vaa viatu vya kufunika, buti la mpira likipatikana. Na viatu vya chooni viwe jozi moja inayokaa mlangoni, hata ya saizi kubwa, kila mtu avae. Kumwambia mtoto avae viatu siku nzima ni kujichosha; kumzoesha kuvaa anapokwenda chooni kunawezekana.

Hatua ya 6: Kibuyu chirizi

Mayai ya askarisi yana gamba linalonata. Sabuni haiyaui, inayang'oa mkononi yakaenda na maji. Ndiyo maana bakuli moja la kunawia watu wanane halifai. Maji lazima yatiririke.

Chukua dumu la lita 5. Pasha msumari moto, toboa tundu moja ubavuni, sentimita 10 hivi chini ya mdomo. Chimbia nguzo mbili zenye panda, laza mti juu yake, upitishe kwenye mpini wa dumu. Funga kamba shingoni mwa dumu, upande wa pili ifungwe kwenye kijiti kinacholala chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Sabuni itoboe, itundike kwa kamba, juu yake kopo la kuizuia mvua. Chini weka kokoto, usije ukatengeneza tope jingine la safura kwenye sehemu ya kunawia. Kijae kila asubuhi. Wape watoto kazi hiyo. Kucha zikatwe Ijumaa au Jumamosi, siku yoyote mradi iwe ileile.

Hatua ya 7: Mboga na maji

Kupika huua mayai. Kachumbari, matango na matunda ya kuokota vioshwe kwa maji yanayotiririka huku ukivisugua, na vya kumenywa vimenywe. Chumvi na siki havitoshi. Dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa inafaa sana kwa vijidudu vya kuhara, lakini yai la askarisi inaliacha zima. Maji yakiwa na tope, yachujwe kwa kitambaa kizito na yachemshwe.

Hatua ya 8: Rudisha damu iliyonyonywa

Kidonge huondoa safura, hakirudishi damu. Mtoto au mama aliyekutwa na upungufu apewe madini ya chuma kwa maelekezo ya zahanati, kwa kawaida kwa miezi, si kwa siku tatu. Nyumbani ongeza dagaa, maharage, maini yakipatikana, na mboga za majani pamoja na ndimu au chungwa. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula hicho, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Isogezwe mbele saa moja au mbili.

Hatua ya 9: Pima tena

Wiki mbili hadi tatu baada ya dawa, peleka choo kipimwe. Kikiwa safi, weka alama kwenye kadi ya kliniki au kalenda ya ukutani, na upime tena baada ya miezi sita. Mayai yakionekana katika kipimo cha pili ilhali cha kwanza kilikuwa safi, usibadilishe dawa kwanza. Zunguka nyumba. Tazama migomba, tazama mlango wa choo, tazama poti inasuuzwa wapi.

Kwa jirani yangu mwezi wa nne tangu dawa ulifika, ule wa tumbo kuvimba. Bibi alimsimamisha mjukuu dirishani, akavuta kope mwenyewe, akaniita nije nitazame kama jicho lake la uzee linaona sawasawa. Utando ulikuwa mwekundu. Kipimo cha baada ya miezi sita kilikuta mayai machache ya mjeledi, safura hakuna, na tumempangia dawa ya siku tatu.